Betri za Laptop na Mpunga wa Shangazi

Jamani, leo nimeaibika mbele ya ndege. Watu walikuwepo pia, lakini ndege ndio walioniuma zaidi.

Niko Mwamkulu kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Wanaonijua wanajua mimi sikai mahali. Ikola nimebeba dagaa, Kapalamsenga nimelima, juzi juzi nilikuwa nachoma mkaa (msiulize wapi). Shangazi ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kuniuliza naondoka lini.

Mpunga wake umeiva. Na mpunga ukiiva huku, ndege wa kweleakwelea wanajua kabla ya mwenye shamba. Wanashuka kama moshi, wakiinuka unabaki na majani. Shangazi analea wajukuu wawili, na chakula chao kipo kwenye jaruba hilo hilo moja la mpunga. Kwa hiyo kila siku anapanda dunguni, kile kichanja cha kulindia ndege, anapiga debe na kupiga kelele mpaka jua lizame. Majirani nao hivyo hivyo.

Jana ikaja taarifa kwamba rafiki yake, Mama Kalista, amefariki. Wamelima pamoja tangu wakiwa wasichana. Mazishi leo asubuhi. Shangazi akakaa mlangoni. Halii. Anaangalia mpunga.

"Nikienda kumzika, ndege watamaliza. Nisipoenda, nitakuwa mtu gani?"

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza.

"Shangazi, nenda kamzike rafiki yako. Ndege niachie mimi. Nina gari."

Gari lenyewe ni la rimoti. Lina magurudumu makubwa, urefu wake kama mkono wangu. Nililipata Ikola kwa kubadilishana na redio. Mota yake ni ile isiyo na brashi, ina mbio za kuua kuku (imeshaua). Tatizo lilikuwa betri. Ile ya kwanza ilivimba kama kitumbua, nikaogopa hata kuigusa. Kwa hiyo jana hiyo hiyo nikapanda bodaboda mpaka Mpanda mjini, kwa fundi simu mmoja anayeuza betri za lithiamu za mitumba.

Akanitolea mbili. Moja ndogo, imetoka kwenye droni iliyokufa. Nyingine ni rundo la seli za laptop, kazifunga kwa selotepu mpaka zimekuwa kama tofali.

"Chukua hii ndogo," akasema. "Mota yako inataka umeme mwingi kwa mkupuo. Hizi za laptop zimezoea kazi za ofisini. Ukizikurupusha zinazimia."

"Hiyo ndogo inakaa muda gani?"

"Robo saa hivi. Unachaji tena."

Robo saa! Mazishi gani ya robo saa? Nikageuza tofali, nikasoma namba ya ujazo wa umeme iliyoandikwa pembeni. Ilikuwa kubwa mara tatu ya ile ya droni. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini kubwa na ndogo tulishafundishwa. Nikabeba tofali.

"Haya, profesa," fundi akasema, akaendelea kuchomea simu ya watu.

Leo asubuhi Shangazi akajifunga khanga mbili, akaenda. Makaburi yapo ng'ambo ya mfereji, siyo mbali. Ukiwa kule, madebe ya huku unayasikia vizuri kabisa. (Hilo mlishike.)

Nikafunga kopo nyuma ya gari, nikaning'iniza vipande vya mfuko wa sandarusi. Nikaliweka juu ya tuta. Ndege wakashuka. Nikabonyeza.

Jamani! Gari lilitoka kama limetukanwa! Kopo linagonga, mifuko inapepea, wingu zima la ndege juu! Mzee Jilala, jirani wa jaruba la pili, akapiga mluzi kutoka dunguni kwake.

"We kijana! Hilo dude linakula nini?"

"Betri tu, mzee! Shukeni mpumzike! Nyie mmeteseka na madebe miaka yote!"

(Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.)

Mzee Jilala akashuka. Dada Neema wa jaruba la kule mwisho akaja, kombeo limelala shingoni. Wengine nao wakaja. Nikawapigia mzunguko wa pili, wakashangilia. Mzunguko wa tatu gari likashikwa na kwikwi. Likasimama.

"Limechoka?" Mzee Jilala akauliza.

"Linapumua, mzee."

Likapumua. Likaenda hatua chache, likasimama tena. Nikakohoa kitaalamu. Nikawaeleza kwamba ndani kuna kinga, umeme ukishuka inazima gari ili kuilinda betri.

Neema akaniangalia. "Inalinda betri. Na mpunga unalindwa na nani?"

Wakacheka mpaka Mzee Jilala akashika magoti. Mtu mwenye akili angeokota debe pale pale. Mimi nikaizima ile kinga.

Gari likaondoka linayumba kama limetoka kilabuni. Halafu moshi. Halafu harufu ya plastiki na rangi ya kucha. Nikalikimbilia, nikaing'oa betri (vidole viwili vimebabuka, ndiyo maana nachapa polepole), nikaitupa mferejini. Ikalia chwiii! Maji yakaanza kuchemka.

Sasa nani asingetaka kuona maji ya mfereji yakichemka? Tukajipanga wote ukingoni, tumeinama. Mpunga wote tumeupa mgongo. Madebe yote yako dunguni.

"Nyie."

Tukageuka. Shangazi. Viatu kashika mkononi, khanga zina tope mpaka magotini, anahema. Nyuma yake jaruba limebadilika rangi, limekuwa la kahawia, linatembea. Na juu ya paa la gari langu ametua ndege mmoja, anamenya punje yake taratibu, kama amelipia kiti.

"Nilikuwa kaburini," Shangazi akasema. "Jeneza linashuka. Sikusikia debe hata moja. Nikajua mmekufa wote."

Mzee Jilala alishaanza kukimbilia kwake, na Neema nyuma yake.

"Sijatupa hata udongo," Shangazi akasema.

Akapanda dunguni mwenyewe, akaanza kupiga debe. Na hapo ndipo alipolia. Anapiga, analia, anapiga. Ndege wakainuka. Kona nzima ya upande wa mfereji imebaki majani matupu.

Nikamfuata juu. "Shangazi, nipe debe. Rudi. Watakuwa bado wanafukia."

Akaniangalia mimi. Akaliangalia gari. "Na wewe utatumia nini?"

"Mdomo."

"Huo umeshautumia," akasema. Lakini debe akanipa.

Nimepiga debe hilo kama linanidai. Nikiwa huku juu nilimwona akivuka mfereji anakimbia, mwanamke wa umri wake. Nikaona watu wakimpisha. Nikaona ameinama, ameokota, ametupa. Sikuacha kupiga hata aliposimama pale muda mrefu peke yake, wenzake wameshaondoka.

Amerudi, amepika, ameniletea ugali huku huku dunguni. Na leo kwa mara ya kwanza ameniambia naondoka lini: mpunga ukishaingia ndani. Mzee Jilala naye ametuma salamu, jaruba lake likibaki na kitu, nimlindie na hilo pia.

Betri ninayotumia sasa hivi ni koo langu, nalo limeanza kukata. Kwa hiyo anayetaka kucheka asichekee huko mtandaoni. Aje acheke huku shambani, kwa sauti kubwa, ndege wamsikie.