Godoro Lililopanda Ghorofa ya Tatu

Sogeeni, enyi mliokaa vitini na mliokaa chini, na mwenye kikohozi akimeze, kwa maana habari inayosimuliwa leo inazipita zile za wafalme walioangusha wafalme: ni habari ya Bi Karani, Mlinzi wa Mafaili, Mgonga Mihuri Asiyetetemeka, na jinsi alivyolipandisha godoro la futi sita kwa tano hadi ghorofa ya tatu ya mahakama ya biashara, siku ambayo lifti ilikuwa imekata roho.

Kampuni mbili za magodoro zilikuwa vitani. Ya kwanza ililia kwamba ya pili imeuiba mshono wake, ule wa mawimbi saba. Mshono huo aliubuni Fundi, mzee mpole, miaka thelathini nyuma, naye tangu shauri lianze alikuwa hali akashiba. Mawakili wa pande zote walirushiana barua kama mishale, hadi Jaji akachoka. "Karatasi zimenitosha," akaamuru. "Jumatano saa tatu na nusu nataka kuyaona magodoro yenyewe. Atakayechelewa asije kunililia."

Basi Jumatano ikapambazuka, na saa tatu na dakika tano Bi Karani, karani wa wakili wa kampuni ya kwanza, na Fundi wakasimama chini ya ngazi, godoro katikati yao. Wakili wao alikwisha kutangulia juu na mkoba wake mwepesi, akisema, "Mimi nitapigana kwa vifungu vya sheria. Ninyi piganeni na ngazi."

"Mwanangu," akasema Fundi, "ngazi zenyewe nyembamba hivi, tutaweza?"

Bi Karani akavua viatu vya kisigino, akavitia mkobani, akanena: "Mzee wangu! Mikono hii ilivusha mafaili ya kesi ya miaka kumi na moja katikati ya mvua, na hakuna ukurasa uliolowa. Leo nishindwe na kitu cha kulalia? Shika pembe hiyo!"

Wakapanda. Ghorofa ya kwanza, godoro likajikunja likamkumbatia Bi Karani kama shangazi aliyepotea siku nyingi. Akajinasua, akatema uzi, akasonga mbele. Lakini kwenye kona ya ghorofa ya pili, lo! Njia ilikuwa imezibwa na godoro la adui, limesimama wima kati ya ukuta na chuma cha ngazi, na nyuma yake ikaonekana tai nyekundu, na juu ya tai kichwa cha karani wa upande wa pili.

"Pisha, Tai Nyekundu!" akanguruma Bi Karani.

"Sipishi! Ukoo wetu haujawahi kumpisha mtu!"

"Pisha, saa haikungoji wewe wala ukoo wako!"

Kisha sauti ikatoka nyuma ya godoro, ndogo, ya unyonge: "Dada yangu, nimenasa. Dereva niliyekuja naye kanikimbia."

Bi Karani hakupoteza neno. Akalilaza lake, akalipigia magoti, akaliviringisha kama mtu anayemkaba simba, akalifunga kwa mtandio wake. Wakalipitisha juu ya kichwa cha Tai Nyekundu, naye, mtu wa watu, akalisukuma kwa utosi. Saa tatu na dakika ishirini na nane likaingia mahakamani.

"Kielelezo cha mdai?" akauliza Jaji ilipotimu saa tatu na nusu.

"Kipo, Mheshimiwa!"

"Cha mdaiwa?"

Wakili wa upande wa pili akatazama mlango, kisha viatu vyake. Wakili wa Bi Karani akainuka, uso umemnawiri. "Mheshimiwa, muda umekwisha. Naomba kielelezo chao kisipokelewe."

Bi Karani akamvuta joho. "Wakili, keti," akanong'ona. "Lisipokuja lao, letu litafananishwa na nini?"

Wakili akamgeukia Jaji, akaomba dakika tano kwa niaba ya mpinzani wake, jambo ambalo mahakama ile haikuwahi kulisikia. Bi Karani akashuka pekupeku, akaliviringisha godoro la adui, akalifunga kwa ile tai nyekundu yenyewe, na makarani wawili wakapanda bega kwa bega, wakihema kama mivukuto.

Magodoro yakalazwa sambamba. Jaji akashuka kitini, akainama, akapitisha kidole juu ya mawimbi ya la kwanza. Kwenye wimbi la saba kidole kikasimama.

"Fundi, hapa mbona mshono umeruka?"

Mzee akainamisha kichwa. "Mheshimiwa, siku ya kwanza nilipiga chafya. Nikaona umependeza, nikauacha, tukawa tunaushona hivyo hivyo."

Jaji akahamia la pili. Wimbi la saba, pale pale, mshono uliruka.

"Na huku," akauliza taratibu, "nanyi mlipiga chafya?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Tai Nyekundu, asiye na tai, alicheka huku amejiziba mdomo. Fundi hakucheka, alikaa akifuta macho, na Bi Karani akamshika mkono.

Hukumu ilisogezwa miezi miwili mbele, kama ilivyo desturi ya hukumu. Lakini andikeni, enyi waandishi wa zama, na watoto wakaririshwe: kwamba daftari la vielelezo la siku ile lina mstari usemao, "Magodoro mawili, yamepokelewa," na pembeni yake pana sahihi ya Bi Karani, imeandikwa kwa mkono usiotetemeka, naye akiwa bado pekupeku.