Ukurasa wa Msiba Ulioniumbua

Jamani, leo nimemuua mama wa watu, na alikuwa amekaa mbele yangu anakunywa chai.

Nianze mwanzo. Mzee Baltazari, dereva wetu wa watalii hapa Karatu, tulimzika Jumamosi kule Ganako. Aliwashusha wageni kreta kuona wanyama miaka mingi, na wengi walitaka mahali pa kutoa pole. Bosi akaniambia niweke ukurasa wa msiba kwenye tovuti yetu. (Mimi ndiye fundi wa tovuti. Nilisoma wiki sita Arusha, na sijaacha kujisifu.)

Ukurasa wenyewe ulikuwa rahisi. Juu picha yake na maneno "Tunasikitika kutangaza kifo cha", kisha jina. Chini fomu: mtu anaandika jina lake na salamu zake. Kwenye kiolezo cha ukurasa (umbo lenye mapengo ya kujazwa), pengo la marehemu nililiita "jina", na la mtoa pole nalo nikaliita "jina". Nikaufungua bila kujaza fomu, ukatoka safi.

Leo saa nne mjane wake, Mama Neema, akaja ofisini. Alitaka awe wa kwanza kuandika, kisha nimtumie Neema, binti yake, aliyerudi chuoni Dar kwa mitihani. Nikachapa jina lake, kisha akawa anasema taratibu, mimi nachapa: "Baba Neema, nyumba imekuwa kubwa." Nikatuma. Mtandao wetu mnaujua. Ukurasa ukaanza kufunguka kwa kujivuta. Sikusubiri. Nikanakili anwani ya ukurasa iliyokuwa juu, nikamtumia Neema kwa barua pepe, nikaenda kumtafutia mama chai.

Haikupita saa nzima, mdogo wake marehemu akaingia, kofia mkononi, nyuma yake wanawake wawili wanalia. Alikuja kuomba gari la kubeba mwili wa shemeji yake. Neema alikuwa amempigia kutoka Dar, kasoma kwenye tovuti yetu, na simu ya mama yake haipatikani. (Ilikuwa dukani inachajiwa.)

Ndipo akamwona shemeji yake, kikombe mkononi. Akakaa pale pale sakafuni.

Nikakimbilia kompyuta. "Tunasikitika kutangaza kifo cha Mama Neema." Kiolezo changu kilipoona jina lililoletwa na fomu, kililitanguliza hilo, la marehemu kikaliacha. Na anwani niliyoinakili ilikuwa imelibeba jina hilo ndani yake. Yaani kila atakayetoa pole, anatangazwa yeye.

Tukampigia Neema kwa simu ya ofisi. Alikuwa akilia hata hasikii. Mama yake akamngoja atulie, kisha akamwambia, "Neema, mimi nipo. Aliyekufa ni baba yako tu."

Mimi nilitazama ukuta.

Nilipotaka kuomba radhi, mama akanishika mkono, akauliza kama na wale wageni wazungu wangekufa wakiandika. Nikamwambia ndiyo, wote. Akacheka kidogo. Kisha akalia, na shemeji yake akaninong'oneza kwamba tangu maziko hakuwa ametoa chozi.

Nimesharekebisha. Naomba msinicheke, matanga hayajaisha. Ila mkitaka kumwandikia mzee, andikeni tu, hamfi tena.