Mwanafunzi wa Ng'ambo ya Mtaro

Nathanaeli aliingia Tunduma mwaka 2011 akiwa na begi moja, suruali mbili na katoni tatu za sumu ya panya, na kwa siku nne za mwanzo aliishi kwa sumu hiyo, yaani kwa kuiuza. Siku ya tano alisimama kwenye kibanda cha fotokopi ili atoe nakala za tangazo lake, akamsikia mama mmoja mnene, mwenye kanga ya njano, akimuuliza kijana wa mashine:

"Mwanangu, hivi hiki cheti cha Atupele wangu, huko nje wanakipokea?"

"Nje wapi, mama?"

"Nje. India, Ulaya, popote panapofika ndege."

Watu sita waliokuwa kwenye foleni waligeuza vichwa kwa pamoja, kama kuku waliosikia mtama ukimwagika. Nathanaeli akaviona vile vichwa, akalikunja tangazo lake na kulitia mfukoni. Panya wa Tunduma mpaka leo hawajui ni nani aliyewaokoa.

Mji ule una mambo yake. Mtu wa Tunduma anafungua dirisha asubuhi anaiona Zambia inaanika nguo. Anavuka kununua sukari, anarudi kula, anavuka tena kwenda kumzika shangazi. Nje ya namna hiyo haihesabu. Anayoitaka ni nje ya makaratasi: nje yenye fomu, picha ndogo nne, kupimwa kifua na kusubiri mpaka mtu akonde. Nathanaeli, ambaye shule yake iliishia darasa la saba huko Morogoro, na la saba lenyewe alilimaliza kwa kubembeleza, akaona huruma. Akaamua kuwapa makaratasi.

Wiki haikuisha kibao kikapanda juu ya duka la spea: BAHARI SABA, USHAURI WA MASOMO NA VIBALI VYA NJE. Ndani mlikuwa na meza, tufe la dunia la plastiki lililobonyea upande wa Afrika, na Nathanaeli mwenyewe, ameninginiza tai nyekundu, akiitwa Mshauri.

Mteja wa kwanza alikuwa yule yule mama wa kanga ya njano. Jina lake Ketrina, mtu wa Itumba, mwuza maharage. Alimleta binti yake, Atupele, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita.

"Binti anataka kusoma nini?" Mshauri aliuliza.

"Uuguzi," alisema Atupele.

"Uuguzi!" Nathanaeli alifumba macho kama aliyeumwa na siafu. "Binti yangu, huko wauguzi wamejaa mpaka wanauguzana wenyewe. Ulipata nini Baiolojia?"

"C."

"Kemia?"

"D."

"Basi umekwisha jichagulia mwenyewe! Wewe ni mtu wa Usimamizi wa Bandari za Nchi Kavu."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo hiyo wenzako wanaigombania. Miaka mitatu, bweni lenye maji ya moto, na kila Jumapili chuo kinachinja."

Ketrina alitikisa kichwa taratibu. "Na kibali cha kukaa huko, Mshauri?"

"Kibali cha mwanafunzi nakitoa mimi, mama. Yaani wanakitoa wao, ila kinapitia kwangu. Wewe niachie ada ya mwanzo na vyeti halisi. Ubalozi haupokei nakala."

Hapo kwenye vyeti halisi ndipo palipokuwa na utamu. Ada ni ada tu, inaliwa inakwisha. Lakini cheti halisi cha mtoto aliyefaulu, kikikutana na wembe mkali na mkono usiotetemeka, kinaweza kubadilishwa jina na kuuzwa kwa mtu yeyote aliyefeli, na waliofeli hawajawahi kuadimika. Na mtoto mwenye cheti, kikishapotea, atabaki akisimulia tu kwamba alisoma.

Ndani ya mwezi mmoja familia kumi na moja ziliacha vyeti vya watoto wao kwenye mkoba wa Mshauri. Kutoka Mlowo walikuja, kutoka Ruanda, kile kijiji cha jirani, walikuja na kahawa yao wameshaiuza. Mmoja alitaka udaktari akaondoka na Uhasibu wa Anga. Mwingine hakutaka lolote ila mbali; huyo ndiye aliyekuwa rahisi.

Jumanne ya wiki ya mwisho ya mwezi huo Ketrina alirudi kuulizia, na Nathanaeli, kwa raha zake, akamwonyesha kibali cha mfano, chenye mhuri wa duara. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Akakisugua mhuri kwa kidole gumba. Akakinusa.

"Kizuri," alisema, akakirudisha.

Nathanaeli alidhani amezidiwa na furaha. Akakata tiketi ya basi la Ijumaa alfajiri.

Alhamisi, saa nane mchana, Ketrina akaja tena, safari hii anahema.

"Mshauri wangu, nina kaka yangu hapo ng'ambo, Nakonde. Ana watoto watatu, na wote anataka waende. Ameuza mahindi malori mawili."

"Malori mawili! Aje, mama. Aje hata sasa hivi."

"Mguu umevimba, hatembei. Na ni mtu wa mashaka. Anataka avione vyeti vya wenzake kwa macho yake, ndipo atoe. Akitoa anatoa yote, yeye mambo ya kidogo kidogo hayajui."

Nathanaeli alikuna kidevu. "Paspoti yangu ipo... ubalozini."

"Paspoti ya nini, baba? Huko sisi tunakwenda na kandambili."

Malori mawili dhidi ya tiketi moja ya basi. Alibeba mkoba, wenye vyeti vyote na ada yote, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia. Mtu anayeijua kazi yake hawezi kuwaamini watu.

Aibu yake ilikuwa moja: aliuza nje ya nchi mwezi mzima, lakini mwenyewe hakuwahi kuvuka. Akamfuata Ketrina nyuma nyuma. Wakapita kwa wauza vitenge, wakakata kushoto kwa mafundi baiskeli, wakazunguka choo cha soko, kushoto tena, kulia, mpaka tai ikawa imehamia begani. Wakafika kwenye mtaro.

"Ruka," alisema Ketrina.

Akaruka.

"Haya, umefika Zambia."

Nathanaeli alitazama huku na huku. "Mbona pako vile vile?"

"Subiri wakusalimie."

Mwanamke mwenye ndoo kichwani akapita. "Mwapoleni mukwai!" Nathanaeli mwili ulimsisimka. Kumbe ugenini ni rahisi hivi!

Ketrina alisukuma lango la mabati. Ndani hamkuwa na kaka wala mguu uliovimba. Palikuwa na meza, na juu yake noti za kwacha zimekandamizwa na jiwe. Nyuma ya meza alikaa bwana mmoja mwenye kofia na sare ya kijivu, vifungo vya shaba vinang'aa mpaka vinaumiza macho.

"Iwe! Wewe!" bwana alinguruma. "Karatasi!"

"Mheshimiwa, mimi nimepita tu..."

"Huku hatupitagi tu. Paspoti?"

"Ipo ubalozini."

"Kibali?"

Nathanaeli aliukumbatia mkoba kifuani. Bwana aliuvuta mkoba, akaufungua, akaanza kutoa vyeti kimoja kimoja. "Atupele. Huyu ni wewe? Lusubilo. Huyu ni wewe? Zakia. Huyu pia ni wewe? Kwetu mtu mwenye majina kumi na moja tunamfunga mara kumi na moja."

Ketrina akapiga magoti kando ya Mshauri, kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Nathanaeli alidhani analia.

"Mheshimiwa, mhurumie. Ni mtu wa elimu huyu. Mpe kibali."

Bwana alifikiri, vifungo vikang'aa. "Kibali cha biashara, miezi sita, anasubiria ndani. Cha utalii, hana kamera. Kinachotoka leo leo ni cha mwanafunzi. Achague masomo."

"Yapo yapi?" Nathanaeli aliuliza kwa sauti ya mtoto wa chekechea.

"Maandazi, miaka miwili. Ushonaji, inategemea akili."

"Hakuna... usimamizi wowote?"

"Umefaulu Kemia wewe?"

Akachagua ushonaji. Akakohozwa mara tatu kupimwa kifua. Ada ilikuwa yote iliyokuwamo mkobani, wala haikuhesabiwa. Vyeti vilibaki ofisini, simu ikabaki kwa usajili, na yeye akapewa karatasi yenye mhuri mkubwa na sharti moja: asitoke nje ya uzio mpaka afuzu.

Afisa yule alikuwa Clever, fundi cherehani, mdogo wake Ketrina wa tumbo moja. Sare ilikuwa ya walinzi wa ghala; alipata kazi ya kuzishona hamsini na alikuwa amechelewa vibaya. Yule wa ndoo alikuwa mke wake. Na mtaro ni mtaro wa maji ya mvua wa Tunduma. Zambia ilikuwa upande mwingine kabisa. Ketrina alivusha maharage mpakani miaka ishirini, mihuri ameiona mingi kuliko karani, na hakuwahi kukutana na serikali inayogonga mhuri wenye harufu ya kandambili iliyochongwa.

Jioni ile ile kibarazani kwake familia kumi na moja zilijipanga, kila moja ikapokea cheti na ada yake. Atupele alikibusu chake, kisha akaenda kuijaza fomu ya uuguzi aliyokuwa ameificha chini ya godoro tangu siku ile ya Bandari za Nchi Kavu.

Nathanaeli, kwa upande wake, alisoma. Siku tatu alishona mifuko ya suruali, akitukanwa kwa Kibemba cha kubahatisha. "Iwe! Mfuko gani huu, mtu atatia mkono utokee gotini?" Alilishwa ugali wa Zambia, akauona mgumu kuliko wa kwao. Siku ya nne Clever alitoka kununua uzi, akasahau komeo.

Mwanafunzi akaruka kama swala. Alimkamata kijana wa mkokoteni shati.

"Kaka, mpaka! Mpaka uko wapi?"

"Si huo hapo? Nyoosha, utaona malori."

Akanyoosha. Alipita kati ya malori, nyuma ya wanawake wenye vikapu, chini ya beria, hakuna aliyemtazama, na hakusimama mpaka magari yote yalipokuwa nyuma yake. Hapo alipiga magoti, akalibusu vumbi. Kisha akaingia kwenye kibanda cha chai, chenye bei za kwacha ukutani ambazo hakuzitazama, uso unawaka.

"Mama, nipe chai na chapati! Jamani, acheni nchi ya watu iitwe nchi ya watu. Siku tatu nimekaa Zambia, sikanyagi tena!"

Vikombe vilisimama njiani kuelekea midomoni. Kwenye kona, bwana mmoja mwenye sare aliweka chake chini taratibu.

"Zambia ulikaa wapi, mukwai?"

"Hapo nyuma tu, ng'ambo ya mtaro."

"Ulikuwa na kibali?"

Nathanaeli alitabasamu tabasamu la raia mwema. Akaichomoa karatasi kifuani, akaikunjua mezani, akailainisha kwa kiganja.

"Mimi ni mtu wa sheria, mzee wangu. Soma mwenyewe."

Bwana akasoma mpaka chini. Akarudia. Akavua kofia, akasogeza kiti karibu, akamgeukia mwenye kibanda.

"Mama, huyu muongeze chapati. Tutakuwa naye sana."

Nathanaeli alimshika mkono akamshukuru kwa moyo wote. Ukarimu wa namna hii, alisema huku anatafuna, Zambia huwezi kuupata.