Folda Inayoililia Isaka

Jumatatu, 9 Juni

Programu ya foleni imenigomea. Ndiyo inayopanga mawe ya dhahabu ya nani yasagwe lini hapa kwenye karasha la Mama Limi, Kharumwa. Kila nikiingiza marekebisho inasema haioni ghala. Ghala ni kompyuta inayotunza kila toleo la programu, na ilikuwa Isaka, kwa Valerian aliyeiandika. Nimempigia. Siku hizi anauza matairi. Akasema kompyuta ile aliiuza, aliyeinunua akafuta kila kitu, na kwamba haya yote alikwisha kuniambia mwaka jana. Sikumbuki.

Mama Limi anataka wachimbaji wabia waandikwe majina mawili kwenye zamu moja, maana wanashikana mashati kila siku. Jumamosi anafungua karasha la pili. Nisipoweza, kiti changu cha Mkuu wa Mifumo anapewa Mwanaima wa steshenari. Nimemwambia mama hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi imepita. Nimenakili folda nzima, nikaibandika pengine. Nakala nayo inatafuta Isaka. Nikaibadilisha jina. Isaka. Nikaitia kwenye fleshi, nikaipeleka kwenye kompyuta ya Baba Blessing wa gesti, mtu ambaye Isaka hajawahi kushuka hata kununua maji. Inatafuta Isaka!

Mwanaima akapita. Akauliza kama nimetazama mafaili yaliyofichwa. Eti ndani ya folda kuna kijifolda kisichoonekana, kimebeba anwani ya ghala, na ukinakili folda nacho kinakuja. Nikamjibu kwamba kisichoonekana hakitazamiki. Akaenda zake akicheka. Kijicho tu.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata dawa. Babu yangu hakuwahi kuweka ng'ombe wote zizi moja. Aliwagawa kwa watu wamlishie, ugonjwa ukiingia kwa mmoja, kwa wengine wamebaki. Mlishaji naye ana haki ya maziwa. Ndiyo maana babu alikufa na ng'ombe na Valerian anauza matairi.

Nimezikabidhi nakala kwa Baba Blessing, kwa Martina wakala wa pesa za simu, na kwa Adam mpokea mawe. Wanitunzie. Maziwa yao ni kwamba mtu akiona kasoro ruksa kurekebisha. Adam aliuliza kasoro ni nini. Nikamwambia atumie busara.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekusanya mifugo. Adam kamwondoa mchimbaji Marwa kwenye foleni kabisa, kwa sababu ya ugomvi wa baiskeli. Martina kamweka kaka yake wa kwanza, kila siku, mpaka mwisho wa mwaka. Baba Blessing kaongeza bei za vyumba. Na nakala zote bado zinatafuta Isaka.

Ipi ndiyo ya mwanzo? Sijui. Nilizipa zote jina moja, kwa unadhifu. Nimeziunganisha. Sasa programu inampa zamu ya kwanza kaka wa Martina, pamoja na chumba chenye feni.

Jioni nikakubali, kwa shingo upande, kutafuta hivyo vilivyofichwa. Vipo! Tena vingi mno, kompyuta nzima imejaa. Nikavifuta vyote, si vya folda ile tu, kwa usalama. Kompyuta ikazimika na haitaki kuwaka. Angalau haitafuti Isaka.

Jumamosi, 14 Juni

Watu wamejaa uwanjani tangu alfajiri, viroba vya mawe hadi barabarani. Nikampa Mama Limi shikamoo. Akatuma Mwanaima aitwe.

Mwanaima akaniomba fleshi ya Jumanne. Nilikuwa nayo mfukoni, sikuwa nimeifikiria. Akafuta kile kijifolda kilichofichwa, ndani ya folda hiyo peke yake, akaanzisha ghala jipya kwenye kompyuta yake, akaandika sehemu ya jina la pili. Programu ikakubali bila kuuliza habari za Isaka. Tiketi ya kwanza ikatoka na majina ya Makoye na Marwa, wabia, ambao papo hapo wakaanza kugombea nani atangulie kuandikwa.

Mama Limi akanigeukia. "Luka, mwanangu, mpishe Mwanaima kiti. Wewe kaa pale mlangoni, uite majina."

Makoye akasema hapo sasa wamenipatia, maana sauti ninayo.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetafakari. Nimepandishwa cheo. Mkuu wa Mifumo anaonwa na kompyuta, mwita majina anaonwa na uwanja mzima. Leo hata wanunuzi wa dhahabu wamenisalimia.

Ila moyo umekosa raha. Ghala lote limekaa kwenye kompyuta moja ya Mwanaima! Ikiungua je? Hajafikiria mbele, msichana yule. Bahati nzuri nimempata Marcel, wa Bugarama, ana kompyuta kubwa yenye nafasi tupu, ananipa bure kabisa. Ofisi anaifunga mwisho wa mwezi na vyombo vyote vinauzwa, kwa hiyo hakuna atakayelisumbua ghala letu. Mwanaima alipokwenda kunywa chai nikalihamishia huko. La kwake nikalifuta, watu wasije wakachanganyikiwa.