Chumvi Isiyoogopa Mvua

Jumatatu, 4 Novemba

Kuanzia Bariadi mpaka Nyashimo hakuna kichwa kama changu. Kemia niliimaliza kidato cha pili, nikaona niwaachie walimu nafasi ya kupumua. Leo kichwa kimepata kazi. Mzee Bujiku, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote mtaani, analalamika: mvua zimeanza, na chumvi anayowawekea ng'ombe inayeyuka kabla hawajailamba. Atakayeleta chumvi ya kustahimili mvua ndiye atakayekuwa mtu wake wa chumvi mwaka mzima. Ngassa keshajipanga. Huyu Ngassa anayeleta mawe ya chumvi kutoka Meatu, anayetembea kama ng'ombe ni wake. Nimemwambia aanze kuzoea kuuza karanga.

Mpango: nayeyusha chumvi ya jikoni, naiacha igande. Jiwe moja kubwa. Kama mshumaa tu.

Mdogo wangu Esteria, wa kidato cha tatu, amecheka mpaka akakaa chini. Eti ndani ya punje ya chumvi kuna ioni za sodiamu zenye chaji chanya na za kloraidi zenye chaji hasi, zimepangwa kwa kupishana, kila moja imeshikwa na sita za upande wa pili. Kuzilegeza kwa moto kunataka nyuzi mia nane. Nimemwambia aache wivu.

Jumatano, 6 Novemba

Sufuria ya mama nimeiazima bila kumsumbua. Nikaenda kwa Ndalahwa, mhunzi wa majembe, kuomba moto. Akauliza napika nini. Nikasema sayansi. Akasema isiungue.

Chumvi ikaruka kama bisi. Ikabaki chumvi. Tukavukuta. Makaa yakawa meupe. Mara kitako cha sufuria kikalegea, kikaning'inia, kikadondokea motoni. Chumvi juu yake, punje kwa punje, kavu, inanitazama. Ndalahwa akauliza kama sayansi imeiva.

Lakini tuwe wakweli. Nimethibitisha kwamba chumvi imejishika kuliko sufuria. Wangapi Bariadi wamethibitisha hilo? Mama hajaniuliza bado. Anauliza nyumba nzima kwa ujumla.

Ijumaa, 8 Novemba

Esteria kaeleza tena, polepole, kama anaongea na mgeni. Pale moto unapohangaika, maji hayana shida. Maji yanaizunguka ioni, yanaing'oa, yanaondoka nayo, yanarudia nyingine, mpaka ukuta wote umekwisha. Ndiyo maana mvua inaweza kilichomshinda Ndalahwa.

Basi dawa ni maji yasiingie. Saruji! Ndoo ya chumvi, ndoo ya saruji, nikakoroga, nikamimina kwenye karai. Esteria akauliza ng'ombe ana nini ulimini. Nikamwambia akafue sare. Akasema ana mate, na mate ni maji. Sikuona inahusu nini.

Jumapili, 10 Novemba

Asubuhi kwa Mzee Bujiku. Nikamwamkia mwangaluka kwa adabu zote, nikashusha jiwe kwenye baiskeli. Ngassa akaweka lake jirani. Akauliza kama nimeleta chumvi au msingi wa nyumba. Mvua ikapiga. Ilipokatika, jiwe la Ngassa limekonda kama mwanafunzi wa bweni. Langu lile lile. Mzee akanipiga bega, akaniita mtaalamu. Nikamtazama Ngassa. Nikamtazama tena.

Ng'ombe wakafunguliwa. Wa kwanza akalamba langu mara moja, akanitazama kwa huruma, akahamia kwa Ngassa. Wote wakahamia. Dume moja tu lilibaki kwangu, likajikuna ubavu mpaka likafumba macho. Mzee akasema jiwe ni zuri sana, ila yeye alihitaji chumvi. Kazi kampa Ngassa. Langu kaliacha zizini la kujikunia, na kasema siku nikileta linalolambika nije, tutaongea. Maneno ya mtu aliyeona kipaji.

Jumatatu, 11 Novemba

Esteria anashauri saruji kiduchu na kijipaa cha nyasi juu. Kuezeka nyasi anaweza yeyote. Mimi naweka saruji mara mbili, na chumvi mara mbili. Hapo Ngassa anatokea wapi?

Kitu kimoja ndicho kilichoharibika kweli, na sijamwambia mtu. Jana wakati naondoka, ndama mmoja alifukuzwa na wakubwa kwenye jiwe la Ngassa, akaja kwenye langu. Akalamba. Akalamba tena. Kisha akahamia kiganja changu, kwenye jasho, akanifuata hivyo mpaka barabarani. Nilikuwa nimemletea chumvi ndoo nzima, nikaifungia ndani.