Ile Sauti ya Marubani Haisalimii Watu

Kwa Mukubwa mwenye kulinda ile sauti ya marubani, huko uwanja ya ndege ya Kasese,

Nakusalimia na heshima, wewe, bibi yako na kuku zenu.

Mimi ni Masika, mujane wa marehemu Kule, huku Bwera. Katekista Célestin anaandika, mimi ninasema. Mukwe wangu Fidèle alitengeneza redio yangu. Tangu ile siku haishiki misa tena, inashika tu mashine yako yenye kuambia marubani hali ya hewa. Célestin ananitafsiria. Mukubwa, haiko wazi hata kidogo.

1. Haisalimii. Inaanza tu: upepo, mawingu, digrii! Hata askari wa mupaka, mbele ya kufungua mufuko yako, anauliza habari ya watoto.

2. Asubuhi inajiita Alfa, kisha Bravo, kisha Charlie. Huku mutu wa majina matatu kwa siku moja tunamujua: anapitisha magendo.

3. Eti upepo inatoka digrii mia mbili na kumi. Hiyo ni kwa nani? Sisi tunajua upepo ya mulima, ya ziwa, na ya Kongo. Ile ya Kongo ndiyo ilibeba mabati ya kanisa, Padri akiwa ndani... Célestin anasema nirudi kwa njia.

4. Hii ndiyo inaniuma. Siku ya ine, Alhamisi, ilisema mawingu kidogo. Nikaacha muhogo yangu inje, nikaenda soko. Mvua ikanyesha, muhogo ikaoza. Célestin anasema ile mawingu ilikuwa ya Kasese, si ya Bwera. Basi iseme! Wakwe wakatoka Butembo kumuposa mujukuu wangu Kusiima, nikawapa muchele. Nyumba ya Mukonzo, wageni, bila bundu, ule ugali wetu ya muhogo! Walikula, wakaenda, mupaka leo kimya. Harusi itakufa juu ya mashine.

Kwa hiyo zima hiyo kitu, uniweke mimi. Nitauliza rubani kama alilala muzima, kama mama yake iko, kama amekula. Kisha nitamwambia: mutoto wangu, mulima imejifunika, kaa kwanza kwenu. Kama hatujamaliza salamu, azunguke huko juu. Si iko na mabawa?

Unisalimie marubani, mafundi, na yule mwenye kufagia uwanja.

Mimi mama yenu,
Masika (kidole changu ndiyo hii)

N.B. Célestin amefungua bahasha tena. Wakwe wametuma jibu: wamekubali, na muchele walipenda sana. Lakini tangu jana sauti imenyamaza. Iko mugonjwa? Irudishe, tafadhali, hata bila salamu. Tangu Kule afe, hakuna mwingine mu hii nyumba wa kuniambia habari ya mvua, na kurudilia, hata nikimutukana.