Mpaka Meno ya Mtangazaji Yaonekane

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya arobaini na moja. Mama mkwe bado yupo. Alikuja kwa siku tatu, kumsalimu bintiye. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hakuna mhenga aliyethubutu kusema ya arobaini na moja umpe nini. Mimi nimempa kiti changu. Si kwamba aliomba. Alikaa tu, kiti kikamzoea.

Toka taarifa ya habari ya asubuhi mpaka igizo la jioni, yuko mbele ya TV. Chaneli za nyumbani tu. Za nje anasema zina watu wasiojua kusalimia. Tatizo ni kwamba picha ya kwetu inaganda. Leo waziri mmoja alikatika vipande vipande kama kitambaa cha fundi cherehani, mdomo huku, sikio kule. Mama mkwe akauliza kama nilikuwa na habari kwamba waziri anaumwa. Kisha akatamka, mke wangu akiwa shahidi: "Nyumba nitakayomwona mtangazaji mpaka meno, huko ndiko nitakakohamia."

Atahamia! Chai ilinipalia.

Sasa, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana vyumba viwili vitupu kule mlimani. Tunamwita Meneja, kwa kuwa anasimamia duka la kalamu na karatasi lenye mfanyakazi mmoja, na mfanyakazi mwenyewe ni yeye. TV yake ina chenga kuliko mchele wa bei poa. Lakini yeye ndiye mtoto wa kwanza. Baraka za mama ni zake. Mimi ni nani nimzuilie?

Wanasema akili ni nywele. Nina upara, lakini leo zimeota.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita kwa fundi wa TV, mlango wa pili kutoka ofisini. Kanieleza kwamba chaneli za nyumbani siku hizi zinarushwa kwa HD, bure, zinapita hewani saa zote. Hata sasa, akasema, zinakupita hapo kwenye upara. Kinachotakiwa ni king'amuzi cha kawaida, antena ya maana, na antena hiyo iangalie mnara bila kizuizi.

Kwangu kuna ghala la mbao katikati. Kwa Meneja mnara unauona hata ukiwa umekaa chooni. Mungu ana mipango yake, mimi namsaidia kubeba.

Nimechukua antena na king'amuzi. King'amuzi nimekificha mkobani. Mke wangu akauliza hilo lichuma ni la nini. Nikamwambia ni kichanja cha kukaushia vikombe vya ofisi. Akaliangalia. Akaniangalia. Akauliza ofisini tunakunywa chai kwa vikombe vyenye mabawa?

Jumatano, 5 Machi

Nimemwomba bosi ruhusa, na mke wangu nimemwaga kwa sababu hiyohiyo. Jino. Kanihurumia sana, mpaka nikaanza kulisikia kweli.

Nikaenda mlimani Meneja akiwa dukani. Mke wake akanikaribisha vizuri. Mama mstaarabu, haulizi maswali. Ndugu wote wangekuwa hivyo. Nikapanda juu. Nikawa nazungusha antena, yeye yuko sebuleni anapiga kelele: bado, bado, bado, umepita, rudi, hapo hapo, usipumue!

Nikashuka. Yaani, mguu mmoja ulitangulia. Ulipitia kwenye bati lililooza, kisha kwenye dari. Mke wa shemeji anasema alikuwa akimtazama mpishi wa kwenye TV akimenya vitunguu, mara akaona kiatu kinaingia sebuleni kutokea juu. Tundu ni la ukubwa wa sufuria. Ya kati.

Lakini picha! Mama yangu weee! Mtangazaji ana pengo! Miaka yote hii ananisomea habari na sikujua ana pengo! Nikaona mpaka mchicha uliojibanza jirani na pengo.

Mama wa watu akauliza kwa upole kwa nini nimejisumbua hivi. Nikamjibu undugu ni kufaana, si kufanana. Akashukuru, macho yake yakiwa kwenye tundu.

Alhamisi, 6 Machi

Hatua ya pili: kuua picha ya kwetu. Asubuhi, mama mkwe akiwa bafuni, nimeigeuza antena yetu ikatazama ghala la mbao uso kwa uso.

Nimerudi jioni, nyumba kimya. Kiooni pameandikwa hakuna mawimbi. Mama mkwe amekaa anakitazama kama mtu aliyefiwa. Nikahema. Nikaweka mkono kifuani. Nikalaumu mawingu. Kisha, kama mtu anayejisemea tu, nikasema kwamba kwa Meneja siku hizi wanaona mpaka fizi.

Akaizima TV. Halafu akasema basi Jumamosi atafunga mizigo.

Furaha ilinikaba, chakula hakikupita. Mke wangu akadhani nimehuzunika mama yake anaondoka. Akanishika bega, akasema kumbe alinihukumu vibaya. Sikuona sababu ya kumsahihisha.

Ijumaa, 7 Machi

Msiba! Usaliti! Nilirudi napiga mluzi. Kufika getini, nasikia sauti ya mtangazaji. Ndani, huyo hapo, pengo lake, mchicha mpya. Mama mkwe kwenye kiti changu, miguu juu ya kigoda changu.

Juu ya paa langu pamesimama mlingoti uliolipita ghala kwa urefu, na kileleni antena ya ukubwa wa kitanda. Nani kafanya? Meneja! Alifunga duka saa sita akaja na fundi yuleyule! Kamwambia mama yake kwamba kwa umri wake asihangaike kuhamahama.

Mnafiki mkubwa! Mtu mzima unatumiaje TV kumkwepa mama aliyekuzaa? Binadamu tumefika pabaya.

Zaidi ya hapo, kamsimulia mke wangu habari za dari. Jioni nzima mke wangu ananiuliza jino linaendeleaje.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepanda paani na spana. Kufika juu, nikamkuta Meneja na spana yake, anakaza. Shikamoo sikumpa, ingawa kanizidi miaka sita. Nikasema nimekuja kulegeza kidogo, upepo usije ukavunja. Akasema upepo wa hapa anaufahamu, una upara.

Nikashika mlingoti. Naye akashika.

"Mwache mama akae kwako, wewe ndiye mwanawe!"

"Mimi? Si wewe uliyeoa humu?"

"Nilioa mmoja!"

Majirani wakajaa kwenye uzio. Ndipo tukasikia sauti chini. Mama mkwe, uwanjani, mkoba begani. Tukaganda kama yule waziri.

Akafungua mikono, akawaambia majirani: "Mnaona? Watoto wa wenzangu wanawakimbia mama zao. Wangu wananigombania mpaka juu ya bati!"

Wakapiga makofi. Jirani mmoja akafuta machozi. Meneja akaniangalia, nikamwangalia. Tulishuka kama mashujaa.

Kwenye ngazi mama mkwe alinipokea mkono, akaninong'oneza: "Mkwe, nimelea watoto saba. Maneno ya juu ya paa hushuka yote, hata hayavunjiki."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akacheka, akanipangusa vumbi kwenye shati kama vile yeye ndiye aliyenizaa. Kisha akatoa hukumu: ili asimwonee mtoto yeyote, atakaa mwezi kwangu, mwezi kwa Meneja. Na kwa kuwa picha ni nzuri kiasi hiki, si haki aione peke yake. Amempigia simu dada yake.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe mkubwa kawasili na mabegi matatu. Hasikii vizuri, hivyo TV sasa inasikika mpaka ghalani. Mwezi wa kwanza wote wawili wako kwangu. Kiti changu kimekwenda, cha mke wangu kimekwenda. Naandika haya nimekaa kwenye ndoo, nimeipindua.

Mke wangu kaniuliza kama kuna chochote nilichojifunza wiki hii. Nikamwambia mengi mno.

Na ni kweli. Kwenye chai nimemsikia mama mkwe mkubwa akilalamikia mgongo. Vitanda vyetu vinamzamisha. Anasema pale atakapopata godoro gumu, hapo hatoki mpaka Mungu amwite. Na aendako yeye, mdogo wake yuko nyuma yake.

Chumba cha Meneja cha wageni kina kitanda kitupu, nimekiona kwa macho yangu.

Kesho mapema nampitia muuza magodoro. Gumu kuliko yote aliyonayo. Safari hii hakuna hatari yoyote: godoro linapita mlangoni.